Tiba ya mwanga kwa macho makavu: mwongozo kamili kwa mwenye ngozi nyeusi

Mwaka juzi aliingia kwenye chumba changu cha kupimia macho mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo. Alikaa kitini bila kulegeza mtandio, akaniomba nifunge mlango kwanza. Alipoushusha nikaona alama nne chini ya macho yake, mbili kila upande, zimepangana kama matofali. Pembe zake zilikuwa zimenyooka, rangi yake nyeusi kuliko ngozi iliyozizunguka, na moja ilikuwa imeanza kupauka katikati. Hakuna ugonjwa wa ngozi unaochora mstatili. Ulikuwa ni mdomo wa mashine.

Alikuwa amesafiri kumtembelea binti yake nje ya nchi. Macho yalikuwa yanamchoma miaka mingi, wakapita kliniki moja ya huko, akaambiwa kuna mwanga unaomaliza kazi kwa mizunguko minne. "Niliwaambia inaunguza, mwanangu," akasema, "wakanijibu vumilia mama, ndiyo dawa inaingia." Hakuna aliyemuuliza habari za ngozi yake wala dawa anazomeza. Na macho yenyewe yalikuwa bado yanachoma.

Tiba ya mwanga ni tiba ya kweli, na wako wengi waliopata nafuu kwayo. Lakini ilizaliwa kwenye ngozi za kizungu, na matangazo yake yanatufikia kwenye simu bila kutaja jambo hilo. Sasa kliniki zenye mashine hizi ziko Ulaya, Marekani na Ghuba, na ndugu zetu walioko huko wanaalikwa kukaa kwenye viti vile kila siku. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kila moja ndiyo itakayokuambia kama kuna haja ya kwenda kwenye inayofuata.

Hatua ya kwanza: jua ukavu wako ni wa namna gani

Machozi si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, katikati maji, na juu utando mwembamba wa mafuta, kama yale yanayotanda juu ya supu. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasikauke. Yanatoka kwenye tezi ndogo ndogo zilizojipanga ndani ya kope: kati ya 25 na 40 kwenye kope ya juu, kati ya 20 na 30 kwenye ya chini. Madaktari wanaziita tezi za Meibom. Midomo yake iko kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya nywele, na kila unapopepesa zinaminywa kidogo na kuachia tone.

Mafuta yakiganda, midomo inaziba. Maji yanabaki wazi, yanakauka kabla hujapepesa tena, na jicho linachoma. Hapo ndipo linapotokea jambo linalowashangaza watu wote: jicho kavu linamwaga machozi. "Mbona yanatiririka, nawe unasema makavu?" Ni kwa sababu jicho linaloungua linaiamsha tezi kubwa ya machozi, nayo inamwaga maji mengi yasiyo na mafuta. Yanapita shavuni, jicho linabaki lilivyokuwa.

Ukavu huu wa kukosa mafuta ndio ulio mwingi kuliko wote, na ndio pekee ambao mwanga unaulenga. Hapa wengi wanapoteza pesa zao, kwa sababu si kila jicho linalochoma lina tezi zilizoziba. Mwenye baridi yabisi anayekaukiwa macho na mdomo pamoja huenda tezi zake za maji ndizo zimeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Mtu aliyewahi kuugua vikope anaweza kuwa na makovu ndani ya kope, au nywele zinazogeukia ndani na kukwaruza jicho. Mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri gizani ahofiwe upungufu wa vitamini A, aende hospitali mara moja. Na kama kuwasha kunazidi kuchoma, hasa kwa mtoto au kijana anayefikicha macho kutwa nzima, kwa kawaida hiyo ni mzio.

Dalili za tezi kuziba zina sura yake. Asubuhi macho yanaamka mazito, yana tongotongo au povu jeupe kwenye pembe. Uoni unakuja na ukungu unaoondoka ukipepesa. Upepo wa bodaboda, feni inayopuliza usoni, kiyoyozi cha ofisini na saa nyingi za simu vinazidisha, maana mtu akikodolea kioo anasahau kupepesa. Na chokea zinarudi rudi. Mgonjwa anayeniambia ametoa chokea tatu ndani ya mwaka mmoja, mimi naanza kuangalia tezi kabla hajamaliza maelezo.

Ukifika kliniki, usiondoke bila kupimwa mambo haya. Ulizwe maswali 12 ya kipimo cha OSDI, yaani dodoso la dalili za ukavu wa macho, ambayo alama zake zinaanzia 0 hadi 100. Ikifika 13 kuna ukavu, ikivuka 32 ni mkali. Utiwe rangi ya manjano jichoni na ihesabiwe machozi yanakaa sekunde ngapi kabla hayajapasuka; chini ya sekunde 10 si kawaida. Uwekewe karatasi ya Schirmer kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Ikilowa chini ya milimita 5, maji yenyewe ni haba, na mwanga peke yake hautakutosha. Mwisho, kope iminywe kwa kidole huku ikitazamwa kwenye darubini. Tezi nzima inatoa mafuta maangavu kama ya kupikia. Iliyoziba inatoa uji mzito wa njano, au kitu kinachotoka kama dawa ya meno kwenye tyubu, au haitoi kabisa. Penye mashine ya kupiga picha za tezi, omba picha. Tezi iliyokwisha kunyauka hairudi, na ni haki yako kujua zimebaki ngapi kabla ya kulipia chochote.

Kwa vipimo vya kawaida huhitaji kwenda mbali: vitengo vikubwa vya macho kama vya CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na hospitali ya Kikuyu nchini Kenya vina wataalamu wa kukuchunguza. Na maumivu makali, uoni kushuka ghafla, au jicho jekundu lisilovumilia mwanga si mambo ya mwongozo huu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: joto la nyumbani, wiki sita, bila kukosa

Najua umekuja kusoma habari za mwanga. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa wangu hawafiki kwenye mwanga kwa sababu hatua hii inawatosha, tena haina gharama. Mafuta yaliyoganda yanayeyuka kwa joto, na joto hilo linapatikana jikoni.

Watu hukosea pale wanapochovya kitambaa mara moja na kukiacha. Kitambaa kinapoa ndani ya dakika mbili, mafuta hayajaanza hata kulegea. Fanya hivi: nawa mikono, jaza chupa ya chai maji ya moto, weka bakuli na vitambaa viwili safi vya pamba. Mimina maji kidogo, yapoze na ya baridi mpaka uweze kutumbukiza kiganja bila kushtuka. Kamua kitambaa, kijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono, kisha kiweke juu ya macho uliyoyafumba. Kinapoanza kupoa, badili na cha pili. Endelea hivyo dakika 10, asubuhi na jioni. Mwenye maikrowevu anaweza kupasha moto mchele ndani ya soksi safi ya pamba, joto lake linakaa zaidi, ila auguse kwanza maana unaweza kuunguza.

Ukimaliza tu, kabla kope hazijapoa, kanda. Kope ya juu unaisukuma kuelekea chini, ya chini kuelekea juu, polepole kwa ncha ya kidole, daima kuelekea kwenye nywele. Usibonyeze jicho lenyewe. Halafu futa ukingo wa kope kwa pamba yenye maji yaliyochemshwa na kupoa.

Ongeza machozi ya bandia. Ukiyatumia zaidi ya mara nne kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe kinakausha jicho. Usinunue duka la dawa matone yenye steroidi kwa kuwa tu jirani yalimsaidia. Yanatuliza wiki ya kwanza, na yakitumika ovyo yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Maziwa ya mama, asali na mkojo visikaribie jicho. Na dada zangu, mama zangu: wanja upake nje ya nywele za kope. Ukiupitisha ndani, juu ya ule ukingo wenye unyevu, unaziba midomo ileile tunayohangaika kuifungua.

Wiki sita zikipita na alama zako za OSDI hazijashuka, hapo ndipo tuzungumze mwanga.

Hatua ya tatu: fahamu mwanga unafanya nini

Mashine ya kwanza, ambayo wote wanaiita IPL, si leza. Ni taa ya gesi ya zenoni inayotoa mimweko mifupi na mikali, ya urefu wa mawimbi kati ya nanomita 500 na 1200 hivi, ikipitia kichujio. Wataalamu wa ngozi waliitumia kutibu wekundu wa uso uitwao rosasea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari wa macho Rolando Toyos wa Memphis, Marekani, aliona kwamba wagonjwa waliopigwa mwanga mashavuni kwa ajili ya rosasea walikuwa wakipata nafuu ya macho pia. Tiba ikaanzia hapo. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu rasmi mashine moja ya IPL kwa ukavu wa macho unaotokana na tezi hizi.

Mwanga haupigwi jichoni. Unapigwa kwenye ngozi chini ya kope, kuanzia karibu na sikio moja, kupita mashavuni na puani, hadi sikio la pili. Chini ya ngozi unanaswa na wekundu wa damu kwenye vijishipa vilivyovimba, ambavyo ndivyo vinavyoleta uvimbe kwenye kope. Vijishipa vinapata joto na kujifunga. Inadhaniwa pia kwamba mwanga huo unapunguza demodeksi, wale wadudu wadogo wanaoishi kwenye mashina ya nywele za kope, na unatuliza kemikali za uvimbe.

Kuhusu ushahidi, nakueleza kama ninavyowaeleza wagonjwa. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikuta majaribio matatu tu yanayofaa, yenye watu 114, na yakasema uhakika wake ni mdogo sana. Baadaye lilifanyika jaribio lililolinganisha mwanga halisi na wa kuigiza huku watu wote wakikamuliwa tezi, na waliopata mwanga halisi machozi yao yalikaa muda mrefu zaidi kabla ya kupasuka. Kwa maoni yangu ni tiba ya kujaribiwa na mtu mwenye tezi zilizoziba ambaye joto halikumtosha. Anayekuahidi kupona kabisa anafanya biashara.

Hatua ya nne: pima ngozi yako kabla ya pochi yako

Damu ndiyo inayolengwa na mwanga wa IPL, lakini melanini, ile rangi yetu, nayo inanasa mwanga huohuo, tena iko juu zaidi. Kwenye ngozi nyeusi mmweko unaishia njiani. Joto lililokusudiwa vijishipa linabaki kwenye ngozi, ngozi inaungua, na baada ya kuungua inaacha weusi au weupe wa kudumu miezi, wakati mwingine miaka. Hivyo ndivyo yale matofali yalivyopatikana kwenye uso wa mama wa Kariakoo.

Wataalamu hutumia kipimo cha Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani aliyekianzisha 1975. Kina madaraja sita, la kwanza ni ngozi nyeupe inayoungua jua papo hapo, la sita ni ngozi nyeusi ti. IPL ya macho inatolewa kwa daraja la kwanza hadi la nne. Waafrika Mashariki wengi tuko la tano na la sita. Hapo pana mtego wa lugha yetu wenyewe: mtu wa maji ya kunde kwetu anaitwa mweupe, na yeye mwenyewe akiulizwa atajibu "mimi mweupe". Kwenye kipimo hiki anaweza kuwa daraja la tano. Usijipe daraja mwenyewe, na usikubali kupewa na mtu wa mapokezi. Mswahili wa Muscat mwenye ngozi nyepesi, aliye daraja la tatu au la nne, anaweza kufaa, lakini si wiki mbili baada ya kushinda ufukweni, kwa sababu ngozi iliyoiva jua inapanda daraja.

Kama unapaka mkorogo, sema. Najua ni jambo la aibu kwa wengine, nami simhukumu mtu. Lakini krimu hizo mara nyingi zina steroidi inayoifanya ngozi kuwa nyembamba, na mtaalamu anayeona uso mweupe anaweza kuweka nguvu isiyo ya ngozi yako.

Hatua ya tano: kwa daraja la tano na la sita, uliza njia nyingine

Iko tiba ya pili ya mwanga, ya nguvu ndogo. Hii haina mmweko. Ni barakoa yenye taa ndogo za LED nyekundu, za nanomita 633 hivi, unayovishwa usoni ukiwa umefumba macho kwa takriban dakika 15. Inapasha kope joto la taratibu na inakusudiwa kuzichangamsha chembe za tezi. Kwa kuwa haipigi kwa kishindo kama IPL, watengenezaji wanaielekeza kwa rangi zote za ngozi. Tafiti zake ni chache na ndogo kuliko za IPL, lakini kama mgonjwa wangu ni mweusi na anataka mwanga, mlango ninaomwonyesha ni huu. Kliniki nyingine hutumia vyote viwili mfululizo, kwa hiyo ukiambiwa "mwanga" uliza ni upi, na kama ni viwili, kataa ule wa mimweko.

Njia nyingine haina mwanga kabisa: mashine ya LipiFlow, iliyoruhusiwa Marekani 2011, inapasha kope kwa ndani huku ikizikanda kwa nje, dakika 12. Hiyo haijali rangi ya mtu.

Barakoa nyekundu za mtandaoni za kulainisha uso si tiba ya macho. Mashine za IPL za kunyolea nywele nyumbani zisifike kabisa karibu na jicho: wako watu walioumia mboni kwa kupigwa mwanga huu bila kinga sahihi, rangi ya ndani ya jicho ikanasa mmweko kama ngozi inavyounasa.

Hatua ya sita: yataje haya kabla ya kukaa kitini

Dawa kwanza. Doksisaikilini inaifanya ngozi iudhike na mwanga, na watu wetu wanaimeza kwa kinga ya malaria, kwa chunusi, hata kwa ukavu huuhuu wa kope. Isotretinoini ya chunusi nayo vilevile. Taja pia dawa za miti shamba. Taja ujauzito na kunyonyesha, lupus (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), kifafa kinachoamshwa na mwanga, saratani ya ngozi, malengelenge ya mdomoni yanayorudi rudi, na nyusi za tatuu. Kama anayekuhudumia haulizi hata moja ya haya, inuka uende zako.

Kama daraja lako linaruhusu IPL, omba mmweko mmoja wa majaribio pembeni, karibu na sikio, kisha rudi nyumbani. Weusi wa kuungua kwenye ngozi yetu hauji siku ileile, kwa hiyo usikubali kuambiwa "umeona, hakuna kitu" baada ya robo saa. Subiri wiki mbili.

Na uliza bei ya mizunguko yote, pamoja na kukamuliwa tezi. Bei ya mzunguko mmoja haikuelezi kitu.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Nenda na uso mtupu, bila losheni, poda wala wanja, na lenzi za machoni uziache nyumbani. Utafunikwa macho kwa kinga zisizopitisha mwanga. Zisiposhika vizuri, zikiacha upenyo puani, sema kabla ya kuanza. Kwa IPL utapakwa jeli ya baridi, halafu mimweko 10 hadi 15 kutoka sikio hadi sikio, mara nyingi ikirudiwa mara mbili. Kila mmweko unahisika kama mpira wa kufungia noti umekupiga shavuni. Hiyo ni kawaida. Kuungua kunakobaki baada ya mmweko si kawaida. Neno lako ni moja tu, "simama", na mtaalamu wa kweli atasimama.

Baada ya mwanga tezi zinakamuliwa kwa koleo laini, kwa matone ya ganzi. Hapa ndipo panapouma, lakini ni sehemu muhimu ya tiba. Mwanga bila kukamua ni kupasha mafuta moto na kuyaacha humo humo yagande tena.

Siku zinazofuata jikinge na jua kwa kofia pana au mtandio, na upake krimu ya kuzuia jua. Kitambaa cha moto kipumzike siku hiyo, kesho yake uendelee.

Hatua ya nane: mizunguko, na lini useme basi

Kwa kawaida ni mizunguko minne, kila mmoja baada ya wiki mbili hadi nne. Nafuu mara nyingi inaanza kusikika kwenye wa pili au wa tatu. Kabla ya wa tatu dai kupimwa upya: maswali 12, sekunde za machozi, na mafuta yanayotoka. Ziandike namba kwenye daftari lako mwenyewe. Zisipobadilika kabisa, usilipie wa nne. Zikibadilika, wengi hurudia mzunguko mmoja baada ya miezi sita hadi 12, huku joto la nyumbani likiendelea siku zote.

Kama ngozi imeungua

Poza kwa maji safi ya bomba dakika 20, si barafu, si dawa ya meno. Muone daktari wa ngozi wiki hiyo hiyo. Kaa mbali na jua, na usithubutu kufuta madoa kwa krimu ya kung'arisha, maana utapata doa juu ya doa.

Yule mama alikuja tena mwezi wa tano. Matofali mawili yalikuwa yamefifia mpaka uambiwe ndipo uyaone, mawili yangali yakionekana. Tulipopima, machozi yake yalikaa sekunde nane, kutoka tatu. Hakurudi kwenye mwanga wowote. Chini ya meza yake ya vitenge kuna chupa ya chai nyekundu na vitambaa viwili vya kanga kuukuu, na saa tisa alasiri, wateja wakipungua, msichana wake wa dukani anamshikia kioo.